Unga wa Sara ulikwenda wapi? Njia tatu za Kiyahudi za kuuelewa unabii

Jioni moja darasani kwetu tulikuwa tunasoma Mwanzo sura ya 18. Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema kwenye mialoni ya Mamre, jua la mchana limepamba moto. Anainua macho, anaona watu watatu. Anakimbia kuwalaki, anamhimiza Sara akande upesi vipimo vitatu vya unga, anachagua ndama laini, analeta siagi na maziwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimewaeleza wanafunzi kwamba yupo mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, Musa bin Maimun, aliyesema kisa chote hiki Ibrahimu alikiona katika maono. Mama mmoja aliyekaa nyuma, muuza chapati ambaye huamka kukanda unga kabla ya adhana ya alfajiri, akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Na ule unga wa Sara je? Ulikwenda wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilinyamaza, maana zaidi ya miaka 750 iliyopita rabi mmoja wa mji wa Girona, Hispania, aliuliza swali lile lile, tena kwa hasira.

Tangu siku ile nimekutana na wasomaji wengi waliosimama njia panda. Mmoja anataka kuwasoma manabii bila kuiacha akili yake mlangoni. Mwingine anaogopa kwamba akili ikikaribishwa itakula kisa chote, mfupa na nyama. Wayahudi walibishana jambo hili kwa karne nyingi na kwa kina kuliko sisi, kwa hiyo nimeona nipange hoja zao ubavu kwa ubavu. Mimi si Myahudi. Nawasoma wazee hawa kama mgeni aliyekaribishwa barazani.

Vipimo kwanza

Kabla hujachagua njia, amua unachotaka ikujibie. Mimi hutumia maswali matano. Nani anaweza kupewa unabii? Unapomjia, ni nini hasa kinachotokea: sauti ya nje, au jambo ndani ya nafsi? Pale Mamre palikuwa na nini? (Hiki ni kisa cha kupimia, kama kibaba cha dukani.) Kwa nini manabii hawapo tena? Na mwisho, ushuru: ukiifuata njia hii, utalipa nini? Kila moja ina kizuizi chake cha ushuru. Atakayekuambia yake haina, bado hajafika kwenye kizuizi.

Neno moja kuhusu "nabii". Siku hizi kwetu jina hili limepanda mabango ya barabarani, na wengi humwona nabii kuwa mtu wa kukuambia utaolewa lini au nani kakuroga. Haja hiyo ni ya zamani. Sauli mwenyewe alikwenda kwa Samweli kuuliza habari za punda waliopotea, mkononi mtumishi wake ana robo ya shekeli ya kumpa mtu wa Mungu. Lakini wanachuoni ninaowaleta hapa hawakukesha kwa ajili ya punda. Waliuliza inawezekanaje Mungu asiye na mwili, asiye na mdomo, aseme na mtu.

Njia ya kwanza: Mungu humtuma amtakaye

Hii ndiyo njia ya mapokeo: wahenga wa Talmudi (mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale), wafasiri kama Rashi wa Troyes (1040–1105), kisha Ramban, yule rabi wa Girona, na baadaye Isaac Abravanel.

*Nani hupewa.* Yule aliyetumwa. Amosi alikuwa mchunga mifugo na mtunza mikuyu, akasema waziwazi kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii. Yeremia aliteuliwa kabla hajazaliwa. Yona alikimbilia merikebuni. Talmudi inahesabu manabii 48 na manabii wanawake 7 waliotabiri kwa Israeli, na wanawake hao inawataja: Sara, Miriamu, Debora, Hana, Abigaili, Hulda na Esta. Inataja pia 7 waliotabiri kwa mataifa, wakiwamo Balaamu, Ayubu na rafiki zake.

Lakini usidhani wahenga walifungua mlango bila bawabu. Rabi Yohanani alisema Mungu hakalishi utukufu wake ila juu ya mtu mwenye nguvu, tajiri, mwenye hekima na mnyenyekevu. Kwa hiyo wanaosema mapokeo hayadai maandalizi yoyote wanakosea. Tofauti ni kwamba maandalizi hapa ni kama kufua kanzu kabla ya karamu. Ukiwa msafi ni vema, ila mwaliko hautoki kwenye sabuni. Abravanel (1437–1508), aliyesimamia fedha za wafalme Ureno na Hispania kabla ya kufukuzwa Hispania pamoja na Wayahudi wenzake mwaka 1492, ndiye aliyelisema kwa nguvu kuliko wote: unabii ni muujiza, hauchumwi kwa kusoma.

*Kinachotokea.* Kitu cha kweli nje ya nabii. Saadia Gaon, katika kitabu chake cha mwaka 933, aliogopa sana kumvika Mungu mwili, hivyo akasema kinachoonekana ni utukufu ulioumbwa na kinachosikika ni sauti iliyoumbwa kwa ajili ya saa ile. Akaongeza jambo ambalo mimi hulipenda: manabii waliachwa waumwe, waone njaa na wafe kama watu wengine, ili muujiza ukitokea mikononi mwao ijulikane haukutoka kwao. Talmudi ina mfano wa kioo. Manabii wote walitazama kupitia kioo chenye ukungu, Musa akatazama kupitia kioo angavu.

*Pale Mamre.* Wageni walikuwa malaika kweli, wakaja kwa sura ya watu. Rashi, akifuata wahenga, anawagawia kazi: mmoja kaja kumpa Sara habari za mtoto, mmoja kumponya Ibrahimu aliyetahiriwa siku tatu kabla, mmoja kuiangamiza Sodoma. Je, walikula? Walionekana kama wanakula, kwa adabu ya ugeni. Ramban ana jambo la ziada: kumwona malaika aliyevaa umbo la mtu hakumfanyi mtu kuwa nabii. Hajiri alimwona, Lutu pia, na hakuna aliyewaita manabii.

*Kwa nini ulikoma.* Walipokufa Hagai, Zekaria na Malaki, roho takatifu iliondoka Israeli. Hivyo ndivyo wahenga walivyopokea. Wengine wakasema tangu Hekalu libomolewe unabii umenyang'anywa manabii na kupewa wenye hekima. Rabi Yohanani, ambaye naona alikuwa na utani wake, akasema umepewa wajinga na watoto wadogo.

*Ushuru wake.* Utabaki na swali la kwa nini huyu na si yule, na jibu utakalopata ni "Mungu ndiye ajuaye". Pia punda wa Balaamu atasema mbele yako na utatakiwa umsikilize bila kupepesa macho. Jingine ni zito zaidi: maadamu kutumwa hakutegemei elimu, kila mwenye kipaza sauti anaweza kudai katumwa. Nitarudi hapo.

*Inamfaa* msomaji ambaye kwake kisa ni kisa, unga ni unga, na ambaye hana wasiwasi na Mungu anayeingilia mambo kwa ghafla. Inamfaa pia anayewapenda manabii wa aina ya Amosi, watu wa jasho.

Njia ya pili: Rambam, na unabii kama ukamilifu wa mtu

Musa bin Maimun, ambaye Wayahudi humwita Rambam (kwa "m" mwishoni, usimchanganye na Ramban wa Girona), alizaliwa Córdoba, familia yake ikalazimika kuhama, akaishia Fustat nchini Misri akiwa tabibu, na huko akafariki mwaka 1204. Kitabu chake kikuu cha falsafa, Mwongozo wa Waliotatizika, alikiandika kwa Kiarabu chenye herufi za Kiebrania, jinsi wazee wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Habari za unabii zimo katika sehemu ya pili, kuanzia sura ya 32 hadi ya 48.

*Nani hupewa.* Anaanza kwa kutaja rai tatu. Ya kwanza ni ya watu wa kawaida: Mungu humchagua amtakaye, msomi au asiyejua kitu, kijana au mzee, mradi awe na tabia njema. Ya pili ni ya wanafalsafa: unabii ni kimo cha juu cha maumbile ya mtu, na mwenye akili timamu, nguvu ya taswira iliyo nzima na tabia safi akijiandaa sawasawa, lazima atakuwa nabii, kama mti uliotunzwa unavyozaa. Ya tatu anaiita rai ya Torati, na ndiyo anayoishika. Ni ile ya wanafalsafa ikiwa na kifungu kimoja cha nyongeza: Mungu anaweza kumzuia aliyekuwa tayari.

Mimi huifikiria hivi. Mvua hainyeshei nyumba moja. Mtungi uliofunikwa au uliopasuka ndio unaobaki mkavu. Lakini hata mtungi mzima ulio wazi, mwenye mvua anaweza kuuzuia usipate. Mfano wa Rambam mwenyewe ni Baruku mwana wa Neria, mwandishi wa Yeremia, aliyejiandaa kama wanafunzi wote wa manabii, kisha akaambiwa asijitafutie mambo makuu.

*Kinachotokea.* Hapa ndipo penye utajiri. Rambam anasema unabii ni mmiminiko utokao kwa Mungu kupitia Akili Tendaji, yaani akili ya mbinguni isiyo na mwili inayoangazia akili za watu, ukashukia kwanza nguvu ya akili ya mtu, kisha nguvu yake ya taswira. Waliomsoma Farabi wataitambua sauti hii. Rambam alimheshimu sana mwanafalsafa huyo Mwislamu, na muundo huu wa mawazo wanauchangia. Mmiminiko ukiishia kwenye akili peke yake, tunapata wanachuoni. Ukifika kwenye taswira peke yake, tunapata watawala, watunga sheria, wapiga ramli na waotaji wa ndoto za kweli. Ukishika zote mbili, ndipo tunapata nabii. Akili humpa ukweli, taswira humvisha ukweli huo picha: sufuria inayochemka ya Yeremia, magurudumu ya Ezekieli.

Na kwa kuwa taswira ni nguvu ya mwili, nayo huchoka na kuvunjika kama mwili. Yakobo alipoomboleza Yusufu unabii ulimwacha. Elisha alipokasirika aliomba aletewe mpiga kinanda kwanza. Maelezo haya yananifanya niwaone manabii kama watu ninaoweza kuwafahamu.

Nabii Musa yuko nje ya ngazi hii yote. Katika kitabu chake cha sheria Rambam anataja tofauti nne: manabii wengine waliona katika ndoto au maono, Musa akiwa macho amesimama, wao kupitia malaika, yeye bila malaika, wao walitetemeka na kuishiwa nguvu, yeye alitulia, wao walisubiri kujiwa, yeye alipotaka alijiwa.

*Pale Mamre.* Maono. Mstari wa kwanza unasema BWANA alimtokea Ibrahimu. Hicho, kwa Rambam, ni kichwa cha habari, na yanayofuata ni maelezo ya alichoonyeshwa. Sheria yake ni fupi: panapotajwa malaika kuonekana au kusema, pale pana maono au ndoto. Hivyo Yakobo hakushikana mieleka na mtu kando ya kijito, na punda wa Balaamu hakufungua kinywa njiani. Hosea hakuoa kahaba. Isaya hakutembea uchi miaka mitatu mitaani, maana haielekei Mungu kuwageuza manabii wake kichekesho cha wapumbavu. Niseme kweli, hoja hii ya mwisho huniingia. Nimewahi kujaribu kuwaeleza vijana kwa nini nabii aliamriwa kuvua nguo, na jasho likanitoka.

*Kwa nini ulikoma.* Uhamisho huleta huzuni, na huzuni huharibu chombo. Mtu aliye mtumwa chini ya wajinga hana nafasi ya moyo wa kutabiri. Siku hali itakapobadilika, unabii utarudi. Hakuna muhuri mlangoni.

*Ushuru wake.* Unga! Ramban alipofika Mwanzo 18 alilipuka: kwa maneno haya Sara hakukanda mikate, Ibrahimu hakuandaa ndama, Sara hakucheka, yote yalikuwa njozi. Kwa nini basi maono yajae vitu visivyo na kazi, kama mapishi? Lutu naye? Kama malaika hawakuingia Sodoma, nani alimtoa? Kisha swali ambalo kwangu ndilo kali kuliko yote: kama mieleka ya Yakobo ilikuwa maono, kwa nini alipoamka alichechemea? Ramban akafunga kwa kusema maneno kama hayo ni haramu kuyasikia, sembuse kuyaamini.

Lakini huyu huyu Ramban, vitabu vya Rambam vilipopigwa marufuku na marabi wa Ufaransa, ndiye aliyewaandikia kuwasihi walegeze kamba. Ugomvi huu ulikuwa wa ndani ya nyumba.

Ushuru wa pili ni Amosi. Kama nabii lazima awe bingwa wa akili kwanza, yule mtunza mikuyu alisomea wapi? Na wa tatu ni mteremko. Gersonides (1288–1344), mnajimu na mwanafalsafa wa kusini mwa Ufaransa, alikwenda mbele zaidi: nabii hupokea ujuzi wa mpangilio ambao Mungu ameuweka katika nyota, na unabii ukawa karibu zaidi na jambo la kimaumbile. Kufikia mwaka 1670 mwanafalsafa Spinoza anasema manabii walizidi wengine kwa taswira na si kwa akili, na jengo la Rambam limekatwa miguu. Sisemi ukimfuata Rambam utafika kwa Spinoza. Wengi walimfuata na hawakufika. Breki tu uwe nazo.

*Inamfaa* mtu aliyesoma sayansi au falsafa, anayeona haya Mungu akichorwa kama jitu lenye sauti nzito, na aliye tayari kusoma visa kama mafumbo yenye maana pana. Inamfaa pia mwalimu, kwa sababu inamdai msomaji tabia na elimu kabla ya kumpa cheo.

Njia ya tatu: Yuda Halevi, jicho la ndani

Wengi huona njia mbili tu, falsafa na mapokeo. Halevi aliingia katikati, tena miaka kadhaa kabla Rambam hajaandika. Alikuwa mshairi wa Hispania, akaiacha nchi yake uzeeni kwenda Nchi Takatifu, akafariki mwaka 1141. Kitabu chake, Kuzari, ni mazungumzo. Mfalme wa Wakhazari anaota malaika anamwambia nia yako imependeza, matendo yako hayajapendeza. Anaita mwanafalsafa amweleze. Mwanafalsafa anamweleza habari za akili na ukamilifu, na mfalme anamjibu kwa upole wa kisu: kama ni hivyo, unabii ungekuwa umejaa kwenu wanafalsafa, lakini ndoto za kweli naona zinawajia watu wasiosoma, na waliohangaikia elimu maisha yao yote hawapati kitu.

*Nani hupewa.* Halevi anapanga viumbe: mawe, mimea, wanyama, watu, na juu ya watu manabii, kama tabaka la tano. Kinachowainua ni jambo la kiungu, lililopita kutoka Adamu kwa mteule mmoja kila kizazi hadi wana wa Yakobo, likaenea kwa taifa zima. Na linataka ardhi yake. Yeye anatoa mfano wa mzabibu unaostawi mlima fulani tu. Msomaji wa visiwani amfikirie mkarafuu na udongo wa Pemba.

*Kinachotokea.* Nabii ana jicho la ndani linaloona vitu halisi ambavyo jicho la usoni halivioni, na ambavyo akili ya mwanafalsafa haivifikii kwa hoja. Kwa mantiki hiyo, pale *Mamre* Ibrahimu aliona kilichokuwapo kweli, ila si kila mpita njia angekiona. Kuhusu unga Halevi hatupi jibu la moja kwa moja, na sitaki kumtungia.

*Kwa nini ulikoma.* Taifa liko nje ya shamba lake. Ezekieli na Danieli walitabiri ugenini, ndiyo, lakini kwa ajili ya Nchi ile.

*Ushuru wake* ni mchungu. Halevi anasema aliyeongoka kuingia dini ya Kiyahudi anapata fungu katika mema ya Israeli, lakini unabii ni wa waliozaliwa ndani. Hebu wafikirie Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, ambao babu zao walimfuata Semei Kakungulu kuingia dini hii mwaka 1919. Sentensi ile ya Halevi inasomekaje ukiwa umekaa sinagogi lao? Rambam, katika barua yake kwa Wayahudi wa Yemeni ya mwaka 1172, ana msimamo tofauti: hatumkatai nabii kwa sababu si Mwisraeli, maana Ayubu na rafiki zake walitabiri na hawakuwa wa Israeli.

*Inamfaa* anayeamini kwamba dini huishi katika historia, ardhi na kumbukumbu za watu waliosimama Sinai kuliko katika hoja. Inamfaa pia mtu wa mashairi.

Wanapokubaliana

Hapa nitapita haraka, ila usiparuke, hasa kama mtaani kwenu wapo manabii wengi. Mapokeo na Rambam wanashika kipimo kilekile. Nabii hana ruhusa ya kubadili Torati, hata afanye ishara kubwa. Kumbukumbu la Torati 13 imelifunga hilo. Rambam anaongeza sheria iliyotoka kwenye Yeremia 28. Hanania alitabiri mema: ndani ya miaka miwili vyombo vya Hekalu vitarudi kutoka Babeli. Yeremia akasema "Amina, iwe hivyo". Hanania akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia mbele ya watu wote. Yeremia akaenda zake, kisha akarudi na neno la nira ya chuma. Hanania akafa mwaka ule ule. Kutokana na hapo: anayetabiri mabaya yasipotokea si lazima awe mwongo, huenda watu walitubu kama Ninawi. Anayetabiri mema yasipotokea, huyo ni mwongo. Kwa hiyo wa kupimwa kwa ukali zaidi ni yule anayekuahidi gari na nyumba.

Ukiwa wapi, uanzie wapi

Kama unafundisha watoto, anza na njia ya kwanza. Mtoto anataka kujua malaika alikula nini, na Rashi anamjibu. Ukimwambia yote ni mmiminiko wa Akili Tendaji atalala, na atakuwa na haki.

Kama wewe ni kijana wa chuo uliyechoka kuambiwa uchague kati ya fizikia na Biblia, soma Rambam, lakini usianze na sura ya 42 yenye Mamre. Anza na 36 na 37 uelewe chombo chenyewe, kisha uende kwenye visa.

Kama wewe ni Mwislamu uliyezoea mjadala wa wahyi, maono na ndoto ya kweli, utakuta Rambam na Farabi wanaongea lugha moja. Utaikuta pia Talmudi ikisema ndoto ni sehemu moja ya sitini ya unabii, na wewe una hadithi inayosema sehemu ya arobaini na sita. Mahesabu hayo yanafaa jioni nzima ya kahawa chungu.

Kama umeongoka kuingia dini, yoyote ile, na umewahi kuambiwa wewe ni mtu wa juzi, Halevi msome ukiwa na Rambam mkono wa pili. Usimruke, maana pigo lake kwa mwanafalsafa bado halijapata jibu zuri.

Kama ni mhubiri, Abravanel na Amosi watakupa moto, lakini weka Yeremia 28 mfukoni.

Na kama wewe ni yule mama wa chapati, ambaye baada ya kipindi alinifuata mlangoni kuniambia unga hauishi hivi hivi, fungua Ramban kwenye Mwanzo 18, halafu msikilize Rambam kwa haki yake yote, kisha usome Mwanzo 32 polepole hadi mwisho. Jua linachomoza, Yakobo anavuka Penueli, na paja lake linamuuma.